Visima Tisa vya Raisa Prokofyevna

Marehemu Raisa Prokofyevna Shemetova alikuwa na kanuni moja nyumbani kwake: mambo ya kazini hayaletwi mezani. Aliishika miaka kumi na tisa, akaivunja mara moja.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika kijiji kilicho ukingoni mwa mto Amur, mpakani mwa Urusi na China. Utotoni alikuwa akiwapungia mkono Wachina wa ng'ambo, ingawa alikatazwa. Hakuna aliyewahi kumjibu.

Alisoma Kichina katika chuo cha ualimu mjini Blagoveshchensk, akahitimu 1983. Mwaka 1986 aliolewa na Gennady, mwendesha winchi bandarini, wakajaliwa mtoto mmoja, Arseny. Gennady alifariki 2011.

Tangu 2003 alikuwa mfasiri katika kituo cha runinga. Habari iliyoandikwa na wakubwa wake aliitia katika Kichina, ikachapwa gazetini ng'ambo ya mto. Siku chache baadaye yeye huyohuyo aliirudisha katika Kirusi, ikasomwa runingani kama ushahidi wa wageni.

Oktoba 2022 ilikuja habari kwamba adui ametia sumu visima saba kwenye mpaka wa magharibi, kulikokuwa na vita. Kwa uchovu, Raisa akaandika tisa katika Kichina, na tisa ikarudi katika Kirusi. Jumapili iliyofuata Arseny alikuja kula.

"Visima tisa, Mama! Hata Wachina wamesema. Kesho najiandikisha jeshini."

"Wachina hao ni mimi," Raisa akasema. "Huku waliandika saba. Tisa ni kosa langu."

Arseny akacheka. "Basi Wachina wanajua kuhesabu kuliko nyinyi."

"Mwanangu, hata vile saba hakuna aliyeviona."

"Miaka yote umekula mshahara wao, leo ndiyo umeuona uongo? Nani kakununua?"

"Wewe! Huyo ni mama yako," alifoka Faina, mdogo wake Raisa, aliyekuwa akipakua vile vinyunya vya nyama. "Kaa ule, pelmeni zinapoa."

Arseny aliondoka bila kula. Raisa aliacha kazi wiki hiyo, na majirani, waliposikia sababu, wakaacha kubisha hodi. Kila Jumapili aliandaa sahani mbili, akaosha moja.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 2024, mto ukiwa umeganda. Arseny alipelekewa habari. Hakujibu.

Ameacha mdogo wake Faina, na mwanawe Arseny, ambaye yuko jeshini na hayupo hapa leo. Mungu ampe pumziko alilolikosa nyumbani mwake.

Alisema kweli mara moja, kwa mtu mmoja, baada ya kunyamaza miaka kumi na tisa. Kunyamaza huko kulimgharimu mwanawe.