Msafara wa Jumamosi Usiahirishwe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni keti, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki huko. Namshukuru Mungu sina hofu. Mwili umechakaa, na mtu aliyekuwa fundi baiskeli miaka arobaini anajua kuwa chuma kikichakaa hakibembelezwi.

Ya mali ni mafupi. Karakana ni yenu nyote watatu, nyumba ni ya mama yenu hadi Mungu amwite, na asiwepo wa kumsogezea hata kitanda. Lililonikaa kooni ni msafara wa Jumamosi. Nimewasikia sebuleni mkidhani nimelala, wewe mwanangu wa kiume ukisema, "Mzee akitutoka tuahirishe, watu watatuonaje, tunaendesha baiskeli na msiba uko nyumbani?" Sikia basi: usiahirishwe. Vijana mia mbili wamejiandikisha, na kwa wengine hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka wanayoweza kusema mbele za watu kwamba nafsi zao zinaumwa, wasichekwe, na michango yake ndiyo inayomweka yule mshauri wa vijana pale shuleni. Maiti hana haraka, wanangu. Kijana aliyekata tamaa anayo.

Sasa niacheni nitubu. Mwaka ule kitindamimba wetu alipoacha kula na kuoga, akawa wa kulala tu akiutazama ukuta, nilimfanyia kama ninavyolifanyia gurudumu linaloyumba: nikakaza. Nikamnyang'anya redio, nikamwamsha alfajiri afagie karakana, nikamwambia sala zake ni za midomoni. Spoki ikikazwa kupita kiasi hukatika, hilo nililijua tangu ujana, ila kwa mwanangu nikajifanya silijui. Dada yenu mkubwa akanijia pale kazini, mikono yake imejaa grisi, akasema, "Baba, mtoto anaumwa, si mvivu. Nampeleka hospitali." Nikampiga kofi. Akampeleka vivyo hivyo, kampakia kwenye keria. Alipolazwa, waumini wenzangu nikawaambia yuko masomoni. Na dada yenu aliposimama kwenye ibada akasema kweli, akaomba mdogo wake aombewe, nikamfukuza karakana kwamba amenivua nguo hadharani. Miaka mitatu hatukusalimiana. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilibakiza kidogo tu kiniumbue kwa mwanangu.

Unacheka, kitindamimba? Cheka, mama. Leo una wanao wawili, na mlimani unaniacha nikihema kama pampu iliyotoboka.

Kuna jingine ambalo hata mama yenu hajui. Watu huniita Mzee Mkia, kwa kuwa mimi huendesha nyuma kabisa, na kanuni yetu ni kwamba aliye mwisho haachwi, wala hakuna anayehesabiwa amefika mpaka yeye afike. Kanuni hiyo si yangu, wanangu, na msafara si wangu. Aliyeuanza ni dada yenu, yeye na wagonjwa wanne waliotoka wodini, wakizunguka mji kwa baiskeli mbovu huku mimi nikivuta mlango wa karakana nisiwaone. Mwaka wa tatu aibu ikanisukuma nikajiunga, watu wakazipigia makofi mvi zangu, gazeti likaandika "mwanzilishi", nami nikanyamaza. Sifa ile niliila nikashiba, na yeye hakuniumbua hata siku moja.

Kwa hiyo Jumamosi, mwanangu wa kiume, kabla hamjaondoka, panda jukwaani useme kwamba baba yako alisifiwa kwa kazi ya dada yako akakubali. Usilipake sukari. Kisha dada yako aongoze mbele, wewe ushike mkia; najua miguu itakuwasha kukimbia, ivumilie. Mimi mkinizika Ijumaa sawa, mkinizika Jumapili sawa, sitalalamika.

Nipeni maji... kidogo. Inatosha.

Mungu awalinde barabarani, awape macho ya kumwona mwenzenu kabla hajaanguka... awasamehe, anisamehe na mimi.

Binti yangu mkubwa, njoo huku. Nimekupangia bila kukuuliza... kama kawaida yangu. Nakuuliza sasa. Umenisamehe? Utawaongoza?

Sisikii, mama. Sema... ndugu zako wasikie.

Ahaa. Haya... nendeni mkajaze matairi upepo.