Breki za Gari Jekundu

Mwaka ule magari ya Japani yalipoanza kumiminika, nilikuwa ndani ya basi la Mbeya kwenda Kyela. Mbele yangu walikaa mume na mkewe; mume alikuwa akienda Tukuyu kumkabidhi Mwalimu Abeli kadi ya gari la mashindano alilokuwa akimuuzia, lililotangulia jana yake.

"Umemwambia breki hazishiki mpaka zipate moto?" mkewe akauliza.

"Nikimwambia atanunua?"

"Baba Neema, Tukuyu hii kuna joto lini? Na matairi kipara, mvua yote hii!"

"Atazoea. Punguza sauti, watu wanasikia."

Kweli nilikuwa nasikia. Zaburi yangu ilikuwa wazi, ila ukurasa haukugeuka.

"Atampakia nani?"

"Mama yake. Anampeleka kanisani Suma."

"Mteremko wote ule?"

Mume akaitoa kadi mfukoni.

Basi likasimama Tukuyu, manyunyu yakidondoka. Gari jekundu lilikuwa pale, linanguruma, Mwalimu kwenye usukani, mama yake kizee kando ameshafungwa mikanda, anatabasamu. Mume akashuka na kadi mkononi, mkewe amemshika koti. Mimi nilibaki dirishani nikiutazama mdomo wa yule baba, nikimwomba Mungu aufungue.