Mzee Mihayo na Risasi za Pindoni

Leo, tarehe 30 Juni 1939, Mzee Mihayo anapumzika baada ya miaka kumi na saba ya ulinzi. Alianzia ghala la pamba hapa Shinyanga. Dhahabu ya Geita ilipoanza kupita, akawekwa kuisindikiza kwenye lori, akapewa bastola. Mimi Mwahija ni mpishi wa kambi ya walinzi, Ngokolo. Nimempikia tangu ana meno yote, kwa hiyo mtu asinisahihishe.

Barabara ya Geita haina huruma. Ilikuwa inalegeza skrubu ndogo za mpini wa bastola mpaka vibao vinacheza mkononi kama jino bovu. Angesema ofisini, angenyang'anywa bastola, apewe rungu, akae langoni. Basi akawa anabadilisha skrubu mwenyewe nyumbani, kwa bisibisi ya cherehani, juu ya ungo ili kitu kisipotee. Nyie vijana mnaochokonoa bunduki zenye risasi mbele ya watoto, sikieni: kwanza alizitoa risasi zote, mkewe Mbuke akazifunga kwenye pindo la kanga, akatoka nazo nje. Hapo ndipo bisibisi iliposhikwa.

Siku moja ya mvua, Mbuke katoka na fundo lake, ikaja habari ya msiba kwa jirani yao Maganga. Akaenda nalo hivyo hivyo. Nyuma honi ikalia, lori limewahi. Mihayo akakaza skrubu ya mwisho, akatia bastola kiunoni, akadandia.

Mimi nilikuwa jikoni pale msibani. Mbuke akiinama kusonga ugali, pindo linagonga sufuria. Nikamwambia, "Mama Limi, umefunga kokoto?" Akashika mdomo. Tulikimbia, mimi na magoti yangu haya, tukakuta alama za magurudumu tu.

Njiani lori likazama matopeni. Wanaume wakatoka porini mbio, mapanga mkononi. Dereva akajificha uvunguni. Mihayo akamlenga wa mbele, akavuta kifyatulio. Mpini ulitulia kama jiwe. Bastola ikalia ta, basi.

"Shemeji," akasema yule wa mbele, "weka hicho chuma. Tumewakatia matawi ya kutia chini ya magurudumu."

Alikuwa Masele, kaka yake Mbuke.

Mihayo alikaa chini kwenye tope, akalia. Aliporudi alikwenda ofisini kwa miguu yake, akasema yote. Walimkaripia kutwa nzima, kisha hawakumpa rungu: walimpa skrubu mpya na kumrudisha kwenye lori. Hajavuta tena mpaka leo.

Jana amekabidhi bastola, risasi kazitoa kama kawaida na kumpa Mbuke azifunge pindoni. Mbuke akafungua fundo mbele ya karani, risasi zikaenda zake, na mimi nikashusha pumzi niliyoibana tangu siku ile ya msiba.

Masele yuko hapa, anakula kuliko mwenye sherehe. Mwacheni ale.

Ahsante, Mzee Mihayo, kwa kazi na kwa kusema kweli. Kalime dengu zako, ulale mpaka jua likuchome. Na wewe Mbuke, pindo hilo sasa lifunge ugoro.