Flashi Iliyosafishwa

Kwenye kosta ya kutoka Maposeni, dada mmoja fundi wa kompyuta alikuwa anamfokea mama aliyekaa naye kana kwamba ndiye mkosaji. Sisi wengine tulijifanya hatusikii.

"Mama, ofisi ninayoifungia mfumo, seva yao haina intaneti. Programu zote napakua nyumbani, nawapelekea kwa flashi. Mlangoni walinzi wanaichukua wakague virusi, wanafuta kila kitu, halafu wananiambia, 'Sasa ni safi, ingia ukaweke mfumo.' Niweke nini?"

"Mfumo gani, mwanangu?"

"Wa kuandikisha wakulima wapate mbolea."

Mama akageuka mzima mzima. "Kumbe! Mahindi yangu yamekuwa ya njano, kila nikienda naambiwa mfumo bado."

Kosta ikasimama mbele ya ofisi hiyo. Mama akanyoosha kiganja. "Lete hiyo flashi. Leo waje waifute mkononi mwangu."