Kimya cha Kutoka Cologne

Nje ya jengo la kupangisha pale Flemingdon Park, ughaibuni, kando ya kituo cha basi la Eglinton, kuna benchi ambalo abiria walishakata tamaa nalo. Jumamosi alasiri lina wenyewe. Mwisho mmoja hukaa Santan, Mgoa mzaliwa wa Kisumu, mstaafu. Kwa vile hakosi misa ya asubuhi, wamembatiza Askofu. Katikati hukaa Cliff, fundi wa kompyuta, aitwaye Waifai kwa sababu ana habari zote za dunia ila hukatikakatika. Mwisho wa pili ni wa Mugambi, aitwaye Gavana, aliyekuwa mwalimu huko Meru na hadi leo akiona watu wawili wamesimama hutamani kuwapanga mstari. Kahawa hutoka kwenye chupa ya Santan, nyeusi kama lami, na baridi ya Oktoba huwafanya wavishike vikombe kwa mikono miwili.

– Haya, Gavana, Santan alisema akimimina. Ujerumani wanasemaje?

– Ujerumani wanasema vizuri tu. Anayenyamaza ni mke wangu.

Benchi zima liligeuka. Mugambi hakuwa mtu wa kutoa mambo ya nyumbani nje, lakini tangu warudi safari, mkewe Cherotich alikuwa akimtolea neno mojamoja. “Takataka.” “Mlango.” “Chumvi.” Na safari yenyewe ilikuwa zawadi yake! Mwanamke ameuguza watu miaka na miaka bila likizo ya maana, naye Mugambi akajikaza akampeleka kwenye mji wa kale wa Cologne kando ya mto Rhine, walau macho yapumzike. Sasa usiku analala kageukia ukutani, na Mugambi anabaki akitazama dari, akianza kuogopa.

– Mlifanya nini huko? Cliff aliuliza. Anza mwanzo, mzee, usiruke.

– Kila kitu! Asubuhi Kanisa Kuu. Tukapanda ngazi za mnara mpaka juu kabisa. Tukashuka, tukaenda kwa vitu vya Warumi. Halafu makumbusho ya chokoleti. Halafu ile gari ya kamba inayovuka mto hewani. Halafu daraja la reli, lile watu wanafunga makufuli ya mapenzi. Yote siku moja. Hakuna kitu hatukuona.

– Na yeye alisema nini?

– Jioni aliniuliza tu, “Mugambi, umemaliza?” Mimi nikamwambia bado, kesho tunaanza mapema.

Santan aliweka kikombe chini.

– Ngoja. Kanisani, mlisali mbele ya lile sanduku la dhahabu la Mamajusi?

– Tulipita.

– Mlipita! Mamajusi watatu wenyewe, wewe unapita kama unaenda sokoni? Hao wamekasirika, Gavana. Wameufunga mdomo wa mama.

– Uncle, Mamajusi hawana shida na mtu wa Methodisti, Cliff alisema. Shida ni makufuli. Manze, hebu fikiria. Makufuli maelfu, kila moja lina majina. Lazima kuna moja limeandikwa Mugambi.

– Mugambi gani huko Ujerumani?

– Ndio hivyo! Mugambi na Helga. Mama amelisoma, ameingiza moyoni, amenyamaza.

– Mimi simjui Helga yeyote!

– Hata sisi tulijua utasema hivyo, Santan alisema kwa huzuni.

Mugambi alikunywa kahawa ikamuunguza. Akajitetea kwamba pale darajani alisema jambo moja tu: kwamba chuma kile chote, kwa fundi wa vyuma wa soko la Gikomba, ni mageti ya mtaa mzima. Wenzake wakaguna.

– Au ni marashi, Santan alianza tena. Si mji huo ndio wa kolonya? Mtu akivuta harufu hiyo kutwa nzima, sauti inakauka. Mjomba wangu ilimpata.

– Uncle, tusipotoshane. Kuna uwezekano mwingine. Cliff alisogea mbele, akashusha sauti. Pale uwanja wa ndege, watu ni wengi, makoti yote meusi. Mzee, una hakika umerudi na mwenyewe?

– Na nani?

– Na Cherotich. Labda umebeba wa mtu.

– Waifai, yule anajua chumvi inakaa wapi!

– Kila mama anajua chumvi inakaa wapi.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yao na boksi la vyombo mikononi. Alikuwa akihamia ghorofa ya nne, lifti imejaa makochi yake, na alikuwa amesikia yote.

– Samahani, wazee wangu. Mimi ni Nkatha, jirani mpya. Kwani huyo mama mwenyewe alitaka kuona nini?

Mugambi aligeuka. Akamtazama Santan. Santan akamtazama Cliff. Cliff akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Basi la Eglinton lilikuja, likasimama, likaondoka.

Mugambi alisimama, akapanda kwa ngazi.

Alimkuta Cherotich sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mugambi alibaki mlangoni na koti lake.

– Cherotich. Kule Cologne, wewe ulitaka kuona nini?

Cherotich alimtazama kama anayepima iwapo swali ni la kweli.

– Ile meli, alisema.

– Meli gani?

– Ndefu, ya mizigo. Ilikuwa inapita mtoni polepole. Juu yake kulikuwa na gari la mtu, na baiskeli ya mtoto, na mwanamke anaanika nguo. Anaishi humo, Mugambi! Nikataka kusimama nimwangalie mpaka apotee. Nikainua mkono nimpungie, ukanishika mkono huohuo ukaniambia chokoleti wanafunga.

Mugambi alikumbuka mkono. Meli hakuikumbuka kabisa. Alivua koti, akavuta kiti mpaka karibu na beseni, akakaa.

– Nguo zilikuwa za rangi gani? aliuliza.

Na Cherotich akaanza kueleza.