Kiwanda Kisichonuka

Kila asubuhi benchi lililo mbele ya duka la mkate huwa na watu watatu na birika dogo la shaba la kahawa. Kwa miaka arobaini mji huu wa Bosnia ulinuka kabeji iliyooza, harufu ya mbao zinazopikwa kwenye kiwanda cha karatasi, na watu waliizoea kama walivyouzoea mshahara. Sasa ni wiki ya pili haunuki. Vehid, aliyestaafu kiwandani hapo, ameshika simu. Mwanawe Sanel, aliyeko ughaibuni, Graz, mwaka wa saba huu, ameitwa kufanya kazi kiwandani hapo. Kabla ya saa sita mchana anatakiwa aamue kama ataacha kazi ya huko. Amemwachia baba yake swali moja: kiwanda kina uhai?

— Kimekufa, alisema Hilmo, wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Mimi naamini pua yangu.

— Mbona moshi unatoka, jirani? Vehid aliuliza. Ule mweupe.

— Ule ni mvuke.

— Mvuke wa nini, kama kimekufa?

Stipo, fundi baiskeli wanayemwita Injinia, alichovya kipande cha sukari kwenye kahawa, akakinyonya kwanza.

— Wanachoma taka. Yale maji meusi yanayobaki mbao zikishapikwa yanaingia kwenye tanuri, yanatoa umeme. Na siku hizi harufu nayo wanaichoma.

— Harufu ichomwe?

— Inapita kwenye bomba, inawaka.

— Injinia, baiskeli yangu tu umenirudishia haina breki, leo unachoma harufu, alisema Redio. Sikilizeni. Kama taka inatoa umeme, basi taka ina faida kuliko karatasi. Kwa hiyo wanapika mbao ili wapate taka. Karatasi ndiyo inayotupwa.

— Inatupwa wapi?

— Hapo ndipo serikali inaponyamaza.

Vehid alisugua paji la uso. Miaka thelathini alisimama kwenye mashine ya karatasi, lakini kwenye tanuri hakuwahi kukanyaga. Nyumbani mkewe alikuwa ameshafua mapazia ya chumba cha Sanel.

— Sasa nimwambie nini mtoto?

— Asije, alisema Redio.

— Aje, alisema Injinia. Kazi iko kwenye tanuri.

— Tanuri la kiwanda kilichokufa?

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi lori la magogo liliposimama mbele yao. Dereva, mgeni kabisa, alitoa kichwa dirishani.

— Wazee, samahani. Geti la kuingizia magogo liko wapi? Kwenye lile la zamani nililoelekezwa nimekuta ukuta. Na nyuma yangu wako wenzangu sita.

Redio alimgeukia Injinia. Injinia alinyoosha mkono kuelekea mtoni, akaurudisha mapajani. Vehid aliyatazama malori yale yaliyojipanga mpaka kwenye kona, akampigia Sanel.

— Baba? Kina uhai?

— Kina uhai, mwanangu. Ila mlango wake hatuujui.