Théophile Sumaili, aliyezima pikipiki mbele ya maji

Ndugu na marafiki, sikilizeni maisha ya Théophile. Na ninyi munaonong'ona tangu juzi kwamba mutoto wake Christophe alimuacha baba afe njiani, sikilizeni zaidi.

Théophile alizaliwa tarehe 8 Mei 1971, karibu na Kasongo, mutoto wa tatu wa wakulima wa mupunga. Masomo ya musingi aliyamaliza kwa mapadri mwaka 1984. Ya sekondari aliyaacha mwaka wa pili, sababu baba yao alifariki, na shamba halingoji mutu.

Alianza kusukuma mafuta ya mawese kwa kinga, ni baiskeli, miguu yake ndiyo ilikuwa motere. Mwaka 2007 akapata pikipiki: Kasongo, Kabambare, mupaka Salamabila kwa wachimba dhahabu.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na Émérance, binti wa Kabambare. Mungu akawapa watoto wane.

Mwaka 2009 alikuwa anamupeleka mama mukwe wake Kasongo kwa pikipiki, mufuko wa nguo katikati yao. Asubuhi, wakiwa wamekaa, aliapa: "Maji ikipanda juu ya miti ya daraja la Kaseke, tunarudi." Walipofika, maji ilikuwa juu ya miti. Hakusimama. Pikipiki ilikuwa katika mwendo, watu wa ng'ambo walikuwa wanaangalia, mukono ukaongeza gazi. Wote wawili ndani ya mto! Kwetu mukwe hamugusi mama mukwe hata kwa kidole. Siku ile alimubeba mugongoni kama gunia la muhogo, na kisha akatoa mbuzi wa kuomba masamaha. Mama, nguo zikimudondoka maji, akamuuliza:

"Mukwe, nyumbani ulikataa. Njiani nani alikubali?"

"Mama, ni mukono."

"Basi siku ingine ukalishe huo mukono chini kwanza."

Tangu hapo, mbele ya kila daraja alizima, akavuka kwa mguu, akarudi, akakaa chini, ndipo akaamua. Iliasi, mwenzake wa pikipiki, alimutania: "Muzee, unaomba ruhusa kwa mto?" Miaka kumi na sita hakuangusha mutu. Na Christophe naye, baba alimufundisha vile vile.

Ugonjwa wa ini ulimukamata mwezi wa pili mwaka huu wa 2025. Tarehe 13 Novemba, saa nane ya mchana, kule Kabambare, alitapika damu. Muganga akaandika karatasi ya kumupeleka Kasongo. Christophe alimufunga baba yake mugongoni kwa kitenge. Julienne, dada ya marehemu, akafuata kwa pikipiki ya Iliasi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Pale Kaseke, Christophe akazima.

"Piga gazi!" Julienne akapiga kelele. "Baba yako iko anakufa, weye unazima? Una moyo gani?"

Christophe akamulaza baba ndani ya kibanda cha wauza mafuta, akaingia darajani kwa mguu. Katikati, miti miwili ilikuwa imechukuliwa na maji. Akarudi, akakaa chini.

"Shangazi, hatupiti."

"Iliasi, basi weye mubebe, twende!"

Iliasi akaangalia viatu vyake.

Théophile akafungua macho. "Julienne, dada yangu, kaa chini."

Akakaa. Théophile akaomba maji ya kunywa, akaomba wasali. Alifariki saa kumi na moja na robo, mukavu, kichwa chake kwenye mapaja ya mutoto wake. Maji ilishuka kesho yake, saa tatu ya asubuhi.

Aliyepiga kelele ni Julienne huyu anayesoma karatasi hii. Kama Christophe angemusikiliza, leo tungelilia wawili, na pengine mmoja wao tungekuwa tungali tunamutafuta mtoni.

Ameacha mujane Émérance, watoto wake Christophe, Laetitia, Elsa na Bruno, wajukuu watatu, na dada yake. Udongo wa kwanza atautupa Christophe. Mwenye neno aliseme sasa, mbele ya baba yake, si kesho kule kisimani.

Mungu amupokee Théophile na kumupumzisha katika amani yake.